Iweje watu wapewe uhuru waukatae? Jibu kwa msomaji wa Tanga kuhusu Uskoti

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kijiweni kwetu kumezuka ubishi. Mwenzetu mmoja amesoma kwamba mwaka 2014 watu wa Scotland walipigishwa kura wajitenge na Uingereza, na wengi wakakataa. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa TANU, akitembea vijijini kwa miguu kuuza kadi za chama. Kwake uhuru halikuwa jambo la kuulizana. Iweje watu wakabidhiwe uhuru kwa karatasi na penseli, waukatae? Na kama waliukataa, mbona mpaka leo nasikia bado wanaudai? – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umenirudisha kwenye ngazi za jengo moja la mawe mekundu mjini Glasgow, nilikopanga chumba nilipokuwa nasoma huko. Nitafika hapo. Kwanza tusafishe maneno mawili, maana nusu ya ubishi wenu umeletwa na Kiswahili chetu wenyewe.

Neno la kwanza ni Uingereza. Sisi tunalitumia kwa England, na tunalitumia pia kwa dola nzima, ambayo ni Ufalme wa Muungano wa England, Uskoti (ndiyo hiyo Scotland), Wales na Ireland ya Kaskazini. Kwetu haina neno. Kule ina neno kubwa: mwite Mskoti Mwingereza uone kama atakuacha umalize sentensi. Kwa hiyo hao watu hawakuulizwa kama wamtoe mkoloni. Waliulizwa kama watoke katika muungano ambao bunge lao wenyewe liliuridhia mwaka 1707.

Neno la pili ni uhuru lenyewe. Kwetu lina picha yake: usiku wa manane, bendera moja inashuka, nyingine inapanda, watu wanalia kwa furaha. Ukilipeleka Uskoti na picha hiyo utapotea njia. Wafalme wa nchi mbili hizo waliunganishwa mwaka 1603, pale mfalme wa Uskoti, James, aliporithi kiti cha England. Yaani Mskoti ndiye aliyehamia London kutawala. Mabunge yaliungana miaka zaidi ya mia baadaye, baada ya Waskoti kujaribu kuanzisha koloni lao huko Darien, Panama, kati ya 1698 na 1700, likafa kwa maradhi na njaa na kuzamisha sehemu kubwa ya akiba ya nchi. Wakubwa waliona afadhali soko la England. Watu wa kawaida wa Edinburgh walifanya fujo mitaani kuupinga muungano huo. Hivyo tangu siku ya kwanza maoni yalikuwa mawili. Lakini Uskoti ilibaki na sheria zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu, na hivyo vipo hadi leo.

Kuna watu wa upande wa kujitenga watakaokuambia Uskoti ni koloni. Niliambiwa hivyo na kijana mmoja kwenye mkahawa, kwa dhati kabisa. Nikamweleza kwamba kwetu Kenya, karibu na mji wa Kikuyu, kuna mahali panaitwa Thogoto. Jina hilo ni "Scotland" lilivyotamkwa na wenyeji baada ya wamisionari wa Kanisa la Uskoti kupiga kambi pale. Nikamwambia pia kwamba kampuni iliyopewa hati mwaka 1888 ya kutawala na kufanya biashara kuanzia Mombasa hadi bara ilianzishwa na William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, pwani ya magharibi ya Uskoti. Watu hawa walikuwa wabia katika himaya, na wabia wenye hisa nzuri. Gordon Brown, Mskoti, alikuwa waziri mkuu wa dola nzima kuanzia 2007 hadi 2010. Mtanganyika gani aliwahi hata kufikiriwa kwa kiti hicho? Kijana alinisikiliza, akaninunulia chai, wala hakubadili msimamo. Wenzake wengi wa upande huohuo, niwatendee haki, hawalipendi kabisa neno koloni.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi na ukweli, ndugu yangu, usiende 1961, nenda 1964. Ninyi mnaujua Muungano kuliko mimi Mkenya: nani ana bunge lake, nani ana bendera yake, yapi ni mambo ya Muungano na yapi si ya Muungano, nani analalamika kwamba ndugu mkubwa amemfunika. Uskoti ina watu kama milioni tano na nusu. England ina zaidi ya mara kumi ya hao. Tangu 1999 Uskoti ina bunge lake tena, liko Holyrood, Edinburgh, nalo linaamua mambo ya afya, elimu, polisi na mahakama. Ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji na sarafu vimebaki Westminster, London. Kwa Kenya tungeita ugatuzi, ingawa huo wa Holyrood ni mpana kuliko wa kaunti zetu. Kijana wa Uskoti anasoma chuo kikuu kwao bila kulipa ada, na mwenzake wa England analipa maelfu ya pauni kwa mwaka. Dawa ulizoandikiwa na daktari hulipii kitu Uskoti. Mtu anayepata hayo tayari anajiuliza: nikiondoka kabisa nitaongeza nini, na nitapoteza nini?

Hapo ndipo tunafika kwenye ngazi za lile jengo.

Ghorofa ya chini aliishi mama mmoja mjane, marehemu mumewe alikuwa fundi wa kuunda meli. Alikaa na mjukuu wake wa miaka 16. Sheria ya kura ile iliruhusu wenye miaka 16 na 17 kupiga kura, kwa mara ya kwanza huko katika kura kubwa namna hiyo, na huyu kijana alikuwa amebandika karatasi ya buluu na nyeupe yenye neno "Ndiyo" kwenye dirisha la chumba chake. Dirisha la sebule, la bibi, halikuwa na kitu. Mtaa mzima ulikuwa hivyo: Ndiyo kila mahali, na madirisha mengi matupu. Mimi mgeni nilihesabu karatasi za Ndiyo nikasema hawa wameshashinda. Sikujua kwamba dirisha tupu nalo lina kura.

Siku moja nilimbebea yule mama mifuko yake ya sokoni, nikathubutu kumuuliza. Hakunizungumzia bendera wala mashujaa wa kale. Alisema: "Pensheni yangu watanilipa kwa pesa gani?" Kisha akaniomba nisimwambie mjukuu, kwa sababu walikuwa wamewekeana sheria ya kutolitaja jambo hilo mezani.

Swali lake ndilo lililoitikisa kampeni nzima. Serikali ya Uskoti, ikiongozwa na Alex Salmond wa SNP, chama kinachotaka Uskoti ijitenge, ilitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 600 mwezi Novemba 2013 kueleza nchi mpya itakavyokuwa, na ndani yake ikasema itaendelea kutumia pauni kwa kushirikiana na London. Februari 2014 waziri wa fedha wa London, George Osborne, akasema hapana, mkiondoka mnaiacha na pauni. Wapinzani wake wa chama cha Labour wakamuunga mkono. Salmond akajibu kwamba hivyo ni vitisho tu. Huenda vilikuwa vitisho, lakini mjane anayeishi kwa pensheni hawezi kuweka dau kwenye "huenda". Baadaye upande wa kujitenga ulikuja kukubali kwamba nchi mpya ingeanza na pauni kisha iunde sarafu yake, ila hilo nalo limewagawa wenyewe kwa wenyewe: lini, kwa akiba ipi, na mkopo wa nyumba niliochukua kwa pauni utageuka nini?

Nikupe picha ndogo ya hiyo pauni. Noti unazopewa Glasgow nyingi zimechapishwa na benki tatu za biashara za kwao, zina sura za waandishi na madaraja yao. Ni pauni ileile, thamani ileile. Niliibeba noti moja ya ishirini nikaenda nayo London. Muuza duka aliinyanyua kwenye taa, akaigeuza, akamwita mwenzake aje aione, mwishowe akaniomba nyingine. Niliporudi nikawasimulia majirani. Wa Ndiyo alisema, "Unaona? Hata pesa yetu hawaitambui." Wa Hapana akasema, "Unaona? Hata tukiwa pamoja wanasita, je tukitoka?" Noti ni moja, na kila mmoja akaisoma alivyotaka.

Na wa Ndiyo nao wana hoja zao, usidhani wanasukumwa na ngoma na filimbi tu. Ile nzito kuliko zote ni hii: tunatawaliwa na serikali ambazo hatukuzichagua. Kuanzia 1979 hadi 1997 Westminster ilishikwa na chama cha Conservative, wakati Uskoti miaka yote hiyo ilikuwa ikiwapa Labour wabunge wengi zaidi. Viwanda vikafungwa, wanaume wakakaa nyumbani. Kisha likaja jambo ambalo babu yako angelitambua kwa jina: kodi ya kichwa. Serikali ya Margaret Thatcher iliianzisha Uskoti mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya kuipeleka England. Tajiri na maskini kwenye halmashauri moja walitozwa karibu sawa. Uliza mtu yeyote wa Glasgow mwenye zaidi ya miaka hamsini, atakutajia hilo. Waongezee manowari za nyuklia zilizowekwa Faslane, kwenye ghuba ya mlango wa Mto Clyde, si mbali na jiji hilo, ambazo wengi wao hawazitaki, na mafuta ya Bahari ya Kaskazini ambayo tangu miaka ya 1970 wanasema yalizaa utajiri ukaenda London, huku jirani zao Wanorwe wakijiwekea akiba.

Ya mafuta niyapitie haraka. Siku za kampeni pipa lilikuwa juu ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya 30. Wa Hapana walisema tumenusurika. Wa Ndiyo walisema nchi haijengwi kwa mafuta peke yake. Wote wawili wana haki kiasi.

Siku ya kura, tarehe 18 Septemba 2014, mimi mwenyewe nilipiga kura. Najua utashangaa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uskoti kihalali waliruhusiwa, na raia wa Umoja wa Ulaya pia. Mskoti wa damu anayeishi London hakuruhusiwa. Kwa hiyo Mkenya niliyekuwa na miaka miwili tu pale nilikuwa na sauti, na mtoto wa yule mjane, anayefanya kazi kusini mwa England, hakuwa nayo. Alilalamika kwa simu hadi mama yake akakata. Mimi niliona utaratibu ule ni wa heshima: anayeamua ni anayeishi pale. Kituo kilikuwa shule ya msingi. Penseli imefungwa kwa uzi, karatasi ina swali moja, kwa Kiingereza maneno sita tu, likiuliza kama Uskoti iwe nchi huru, na visanduku viwili. Nilichochagua ni siri yangu na penseli ile.

Hapana ilipata kura 2,001,926, sawa na asilimia 55.3. Ndiyo ikapata 1,617,989, asilimia 44.7. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6 ya walioandikishwa, kiwango ambacho sisi huku tunakisikia kwa wivu.

Ila namba ya nchi nzima inaficha mengi. Kati ya maeneo 32 ya halmashauri, Ndiyo ilishinda manne tu: Dundee, Glasgow, West Dunbartonshire na North Lanarkshire. Ni maeneo ya viwanda vilivyokufa, ya watu wenye kidogo cha kupoteza. Edinburgh, mji mkuu wenyewe, wenye benki na ofisi, ulisema Hapana kwa asilimia 61. Mipakani kusini, ambako mtu anavuka kwenda England kazini au dukani na kurudi kabla ya chai ya jioni, Hapana ilipata theluthi mbili. Visiwa vya Orkney navyo vilikataa, asilimia 67, na sababu yao inanifurahisha: visiwa hivyo vilikuwa chini ya wafalme wa Norwe hadi karne ya 15, na wavuvi wa huko wanaona Edinburgh iko mbali nao kama ilivyo London. Kwa nini wabadilishe bwana wa mbali kwa bwana wa mbali?

Kwa umri, wazee walielemea Hapana kuliko vijana. Wanawake walisita zaidi ya wanaume. Na kuna kundi ambalo karatasi haikulipa nafasi kabisa: wale waliotaka Holyrood ipewe karibu kila kitu, kodi na ustawi wa jamii, lakini Muungano ubaki. Walikuwa wengi. Salmond alikuwa tayari kulijadili chaguo hilo la tatu, ila David Cameron, waziri mkuu wa London wakati huo, alitaka swali moja tu, na makubaliano yao ya Oktoba 2012 yakawa hivyo. Siku mbili kabla ya kura, viongozi wa vyama vitatu vikubwa vya London walitoa ahadi gazetini kwamba mkibaki mtaongezewa madaraka. Kwa hiyo si kila Hapana iliyotumbukizwa sandukuni ilimaanisha "tubaki kama tulivyo". Kwa maoni yangu, kulazimisha maoni ya namna tatu yaingie kwenye visanduku viwili ndiko kulikofanya jambo hili lisipoe.

Sasa swali lako la pili: kwa nini bado wanaudai?

Mwaka 2014 hoja mojawapo ya Hapana ilikuwa kwamba mkitoka kwenye Ufalme mtatoka pia Umoja wa Ulaya, na kurudi kutakuwa kazi. Tarehe 23 Juni 2016 Ufalme mzima ulipiga kura kutoka Ulaya. Uskoti ilipiga kura kubaki, asilimia 62, na katika kila halmashauri, zote 32, walio wengi walitaka kubaki. Ikatolewa hata hivyo. Asubuhi ile nilikuwa nimesharudi nyumbani, lakini majirani wangu wa zamani hawakuacha kuniandikia. Mtu aliyepiga Hapana ili abaki Ulaya alijiona ametapeliwa.

Ungetegemea basi Ndiyo ipae. Haikupaa, na hili ndilo jambo ambalo watu wa mbali hawalioni. Kati ya waliopiga Ndiyo 2014 kulikuwa na wengi tu waliotaka kutoka Ulaya pia. Hao walisema: tumtoe London tumlete Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, tumefanya nini? Wakahamia Hapana. Waliopenda Ulaya wakahamia Ndiyo. Ni kama matatu ya Mombasa kwenda Likoni: stendi moja wameshuka watano, wamepanda sita, ukitazama kwa nje gari limejaa vilevile, lakini waliomo si walewale. Tangu hapo uchunguzi wa maoni umekuwa ukizunguka katikati, mara nyingi Ndiyo ikiwa chini kidogo ya nusu. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilikaa juu ya nusu kwa miezi kadhaa, kisha ikarudi.

Na usichanganye kujitenga na SNP. Mwaka 2015 chama hicho kilichukua viti 56 kati ya 59 vya Uskoti kule Westminster. Julai 2024 kikabaki na 9 kati ya 57, baada ya misukosuko ya uongozi na ya fedha za chama. Lakini kuungwa mkono kwa uhuru hakukuporomoka nacho. Wafuasi wengi wa Ndiyo walipigia Labour ili tu Conservative watoke, kisha wakarudi nyumbani na Ndiyo yao.

Hapo katikati palitokea jambo la kwenu na kwetu. Kuanzia Machi 2023 hadi Mei 2024 kiongozi wa serikali ya Uskoti alikuwa Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Kenya katika familia ya Kiasia. Waziri mkuu aliyeketi London wakati huo alikuwa Rishi Sunak, baba yake mzaliwa wa Kenya, mama yake mzaliwa wa Tanganyika. Mmoja anataka Muungano uvunjwe, mwingine anaulinda, na mama zao wote wawili walizaliwa huku kwetu Afrika Mashariki. Waambie wenzako wa kijiweni, hilo litawanyamazisha dakika mbili.

Njia ya kisheria kwa sasa imefungwa. Waziri mkuu wa London, Theresa May, alikataa ombi la kura nyingine mwaka 2017 akisema sasa si wakati wake; aliyemfuata, Boris Johnson, akakataa 2020, akikumbusha kwamba SNP wenyewe walisema ile ya 2014 ni nafasi ya mara moja katika kizazi. Nicola Sturgeon, kiongozi wa serikali ya Uskoti wakati huo, alipeleka suala mahakamani, na tarehe 23 Novemba 2022 majaji watano wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja kwamba Holyrood haina mamlaka ya kuitisha kura hiyo bila idhini ya Westminster. Linganisha na Ireland ya Kaskazini, ambako makubaliano ya 1998 yanamtaka waziri wa London aitishe kura pale itakapoonekana walio wengi wanataka kuondoka. Uskoti haina kipengele kama hicho. Hakuna anayeweza kumwambia Mskoti ni idadi gani ya watu, kwa muda gani, itafungua mlango. Hata baadhi ya watu wa Hapana ninaowafahamu wanaona hilo si sawa: unamwambia mtu yuko kwenye ndoa ya hiari, lakini humwonyeshi mlango wa talaka uko wapi.

Ukija kukutana na takwimu mpya kijiweni, angalia mambo mawili kabla hujaanza kubishana. Mosi, swali liliulizwaje: likiulizwa "Uskoti iwe huru?" jibu hupanda, likiulizwa "ibaki ndani au itoke?" jibu la kutoka hushuka, watu ni walewale. Pili, wamewatoa wale waliosema sijui? Mara nyingi huwa wametolewa. Yule mjukuu, ambaye sasa ana mkopo wa nyumba na mtoto, aliniandikia kwamba akipigiwa simu leo atajibu Ndiyo, na akiulizwa kama kura iitishwe mwaka huu atajibu bado.